Aliyeacha pombe naye ana Krismasi yake

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya Desemba, Mwanza hubadilika sauti. Stendi ya Nyegezi hujaa wasafiri wa Geita na Bukoba, Mwaloni Kirumba bei ya sato hupanda asubuhi na kupanda tena mchana, na bodaboda hupita na kreti la bia limefungwa nyuma kwa mpira. Katika shamrashamra hizo kuna maneno ninayoyasikia kila mwaka, iwe sebuleni kwa watu, iwe kwenye viti vya plastiki nje ya grosari: "Kunywa hata moja tu bwana, ni sikukuu!" Nikigeuka kumtazama anayeambiwa, mara nyingi si mtu ambaye hajawahi kunywa. Huyo watu wamemzoea, hawana habari naye. Anayeambiwa ni yule aliyekuwa akinywa sana, ambaye majirani walimwokota mtaroni mwezi wa Julai wakamrudisha kwake, na ambaye sasa ana wiki kadhaa hajaonja.

Leo naandika kumtetea mtu huyo. Krismasi na Mwaka Mpya ni sikukuu zake kama zilivyo zetu, na kazi ya kumwezesha azifurahie bila pombe si ya kwake peke yake. Ni ya mwenye nyumba anayemwalika, ya shemeji anayelipia vinywaji, ya mama anayepanga muda wa chakula, na ya kamati ya sherehe ya ofisini. Tumezoea kumwambia "jikaze," halafu tunamfungulia chupa mbele ya macho. Akinywa tunasema hakuwa na nia. Nia alikuwa nayo. Aliyekosa kitu siku hiyo ni yule aliyemwalika bila kumfikiria.

Moja tu, kisha?

Wanaosema "moja tu" wengi hawana nia mbaya. Kwetu kumpa mtu kinywaji ni kumwambia umefika, keti, wewe ni wetu. Ndiyo maana kukataa ni kugumu. Na bia hapa hainunuliwi moja moja, inazungushwa. Mkikaa watano na kila mmoja akazungusha, chupa nne zinakaa zimepangwa mbele yako kabla hujamaliza ya kwanza, na kila chupa ina jina la aliyeinunua. Ukiikataa, unaonekana umemkataa yeye. Kisha huja maswali. "Ngosha, umeokoka?" "Unatumia dawa?" "Shemeji amekukataza?" Kila swali linataka jibu papo hapo mbele ya watu, na kila jibu linafungua mlango wa mambo ambayo mtu hakupanga kuyasema Krismasi.

Tuelewe kinachoendelea mwilini mwake. Mtu aliyekunywa kwa wingi kwa miaka, ubongo wake umejipanga kuishi na pombe. Akiacha, kutetemeka na jasho la siku za mwanzo hupita, lakini usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu na huzuni isiyojulikana imetoka wapi huweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Pamoja na hayo kuna hamu, inayokuja ghafla ikiitwa na vitu vidogo: mlio wa kizibo, harufu ya kitimoto jikoni, wimbo fulani, rafiki fulani, jua linapoanza kuzama. Siku za kawaida anaweza kukwepa kimoja au viwili. Sikukuu inamkusanyia vyote katika uwanja mmoja, na juu yake inaweka ndugu ambao hajaonana nao mwaka mzima, wengine akiwa na ugomvi nao wa shamba au wa msiba.

Wahenga walisema chovyachovya humaliza buyu la asali. Kwa mraibu, buyu huisha usiku huohuo. Ile ya kwanza haimtoshelezi, inamwamsha tu. Ndiyo maana anayeelewa hali yake haogopi chupa ya kumi. Anaogopa hiyo moja ambayo sote tunaiona ndogo.

Jambo lenye matumaini, na ambalo watu wachache wanalijua, ni kwamba hamu hupanda na kushuka. Isipolishwa, mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Nusu saa! Mtu akipata wa kuzungumza naye, akipata kazi ya mikono, akitoka akatembea hadi barabarani na mtoto, inapita. Wenye nyumba tunaweza kabisa kumvusha mgeni wetu nusu saa.

Fedha za mkupuo

Desemba ina hatari nyingine isiyohusu ndugu. Ni mwezi wa fedha zinazokuja kwa mkupuo. Vikoba vinavunjwa, na mtu aliyeweka elfu tano tano mwaka mzima anapewa donge mkononi. Mafundi wanalipwa malimbikizo ili wenye nyumba wahamie kabla ya sikukuu. Kwenye visiwa vya ziwa nako kuna kalenda yake. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, hivyo kambi hupumzika. Ni siku hizo wavuvi wanakuwa na pesa mfukoni na hawana kazi ya usiku. Katika kambi nyingi za Ukerewe na Sengerema, ukiacha kulala, mahali pa kukaa ni kwa muuza pombe. Kijana aliyeacha kunywa akiwa kambini aende wapi jioni ya namna hiyo, sikukuu nayo ikiwa imegonga?

Nimewahi kusikia wanaume wakijivunia mpango mmoja ambao naona ni wa busara kuliko mahubiri mengi: wameomba wenyewe kwamba mgawo wao wa kikoba utumwe moja kwa moja kwenye simu ya mke, au ya dada, kabla hawajauona. Hapo hakuna cha kuona aibu. Mtu anayejua mkono wake utatetemeka wapi, akauondoa hapo mapema, amefanya kazi ya mtu mzima.

Maana baada ya Desemba kuna Januari, na shule hufunguliwa. Mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari za umma hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula bado vinatoka nyumbani. Mama aliyehesabu vitu hivyo tangu Oktoba anajua usiku mmoja wa tarehe 24 unaweza kuvimaliza vyote. Anajua pia kingine, ambacho hakitajwi mezani. Utafiti wa MAISHA, uliofanywa hapa Mwanza na kituo cha utafiti cha MITU miongoni mwa wanawake wa vikundi vya mikopo, ulikuta zaidi ya nusu yao wamewahi kufanyiwa ukatili wa kupigwa au wa kingono na wenza wao. Pombe peke yake haielezi ukatili huo, wapo wasiokunywa wanaopiga. Lakini nyumba nyingi za Igoma, Mabatini na Mkuyuni zinajua tofauti ya baba anayerudi saa moja jioni akiwa na mkate na baba yuleyule anayerudi saa nane usiku. Anapoacha, wanaolala usingizi ni wengi.

Nchi yetu imewahi kuonyesha kwamba mazingira yakibadilika, tabia nayo hupata nafasi ya kubadilika. Machi 1, 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, zile pombe kali za pakiti zilizouzwa kwa bei ya pipi hadi karibu na shule. Hakuna aliyeambiwa ajikaze. Kitu kiliondolewa machoni. Hatuwezi kufanya hivyohivyo sebuleni kwetu kwa siku mbili?

"Lakini sisi tangu zamani tunakunywa"

Hoja hii naisikia kwa wazee na naiheshimu, kwa sababu ina ukweli. Usukumani pombe ya mtama ilikuwa na kazi yake. Watu walialikwa kulima shamba la mmoja wao, na jioni mwenye shamba aliwashukuru kwa pombe. Lakini tukumbuke ilivyokuwa. Iliandaliwa na akina mama kwa siku nyingi, ilinywewa siku moja, na chungu kilipokauka watu walikwenda kulala. Hapakuwa na jokofu lisiloisha wala kaunta ya kukopesha. Leo kampuni kubwa mbili za bia nchini, TBL na Serengeti, zote zina viwanda vyake hapahapa Mwanza, na bia ya baridi inapatikana karibu kila kona ya mtaa. Anayetetea baa ya leo kwa desturi ya babu analinganisha vitu ambavyo havifanani hata kidogo.

Tena, ni nani alisema sikukuu bila pombe si sikukuu? Waislamu wa Mwanza wanasherehekea Idi mbili kila mwaka. Nguo mpya, pilau, watoto wanazunguka nyumba hadi nyumba wakipewa sikukuu, vicheko hadi usiku, na hakuna tone. Waadventista, ambao ukanda wa ziwa umejaa makanisa yao, wanaoana na kufurahi vilevile. Kanisa la Africa Inland, ambalo mizizi yake huku inakwenda hadi Nassa, ambako wamishonari wa Africa Inland Mission walipokea kituo mwaka 1909, limekataza pombe vizazi kwa vizazi, na mtu aliyewahi kuhudhuria sherehe za kwaya zao hawezi kusema watu wale hawajui kufurahi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Balokole. Uamsho wao, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulivuka Uganda ukafika Bukoba, upande wa pili wa ziwa letu. Katika nchi ya migomba, ambako lubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa sehemu ya kila jambo, kuanzia posa hadi matanga, watu wale waliweka kibuyu chini. Waliwezaje? Si kwa kujikaza kila mmoja peke yake chumbani. Walikutana mara kwa mara, wakasema udhaifu wao mbele ya wenzao bila kufichana, wakatembeleana. Aliyeacha alipata watu wengine wa kukaa nao jioni. Jamii yake ilipomcheka alikuwa na nyumba ya kwenda. Ajabu ni kwamba Juni 1935, ng'ambo ya bahari huko Akron, Marekani, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi, waligundua jambo la namna hiyo: mlevi husikilizwa na mlevi mwenzake kuliko mtu mwingine yeyote. Kutokana na hao wawili kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi duniani kote, Tanzania ikiwamo.

Si kila anayeacha leo ni mlokole, na wala halazimiki kuwa. Ila anahitaji walichokuwa nacho wale: watu.

Hapa niseme na wachungaji na mapadri wetu kwa heshima. Msimpandishe madhabahuni mapema. Mtu ana wiki tano tu tangu aache, na tayari anatakiwa kutoa ushuhuda wa Krismasi mbele ya kanisa zima. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima unamtazama, na wapo wanaosubiri aanguke ili waseme. Vivyo hivyo kwa ndugu: msisimame kabla ya chakula mkatangaza, "Jamani tumshukuru Mungu, baba mwaka huu hanywi!" Mwacheni ale.

Meza ya tarehe 25

Basi mwenyeji afanye nini? Kwanza azungumze naye kabla, kwa simu, wawili tu: "Mjomba, unakuja, na kwangu hutasumbuliwa." Kama nyumba inaweza kukaa bila pombe siku hiyo, bora zaidi. Kama haiwezi, pombe isiwe mezani wala kwenye jokofu ambalo kila mtu anafungua. Na asitumwe yeye kwenda kuinunua. Nimeona hili likifanyika, kaka mkubwa akimpa noti mdogo wake aliyeacha juzi akachukue kreti, eti kwa sababu sasa ndiye mwaminifu.

Chakula kije mapema. Njaa, uchovu, hasira na upweke ndivyo vinavyomrudisha mtu, na Krismasi zetu, ambapo nyama inachomwa tangu saa nne na kuliwa saa kumi, zinamkuta tumbo tupu mchana kutwa. Toeni sato wa kukaanga, matobolwa, supu, chochote, ilimradi asikae na njaa akitazama chupa za wengine. Glasi yake nayo isikae tupu, kwa sababu glasi tupu ndiyo inayoita "nikuongezee nini?" Kuna togwa, kuna juisi ya ukwaju, ya ubuyu, ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Pale ambapo bia imepewa heshima ya kuwa kinywaji cha wakubwa na wengine wanatupiwa soda vuguvugu, wenyeji wamekosea. Viandaliwe kwa heshima ileile.

Apewe kazi. Achome nyama, aendeshe gari, asimamie watoto, apige picha. Na akisema anaondoka saa kumi na moja, aondoke, asishikwe shati. Ruhusa ya kuondoka mapema ni zawadi kubwa kwa mtu wa namna hii.

Tarehe 26 nayo ipangwe, maana ndiyo siku ya kuzimua, na mtaa mzima unaamkia supu na chupa. Ni siku nzuri ya kutoka na watoto. Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu miaka ya 1960 na kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, ni dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ni safari ya daladala hadi Kisesa na kutembea kidogo. Watoto waliomzoea baba wa kulala sebuleni na viatu watakuwa na siku ya kusimulia.

Wanaosafiri kijijini wana mtihani wao. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limeondoa ile foleni ndefu ya kivuko, na mtu anafika Sengerema upesi. Lakini kufika upesi ni kufika kwa binamu waliokwisha kaa. Kama hajisikii imara, asiende mwaka huu. Atume fedha ya sukari kwa bibi, apige simu, aeleze. Bibi atanung'unika, kisha ataelewa, kwani yeye ndiye aliyezika wanawe kwa gongo.

Wasioonekana

Nimeandika kana kwamba wote ni wanaume, na sivyo. Wapo wanawake walioacha, na wao hubeba siri nzito zaidi, kwa sababu mwanaume mlevi husikitikiwa, mwanamke mlevi hutukanwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tumemfanya aone kuficha ni salama kuliko kusema. Wapo pia wahudumu wa baa. Desemba ndiyo mwezi wanaopata chochote, na wateja wengi hawakubali kuhudumiwa na mtu asiyekunywa nao meza moja. Binti anayetaka kuacha huku akibeba chupa mia kwa usiku anastahili mwajiri atakayemwambia mteja, "Huyu hanywi, muagize tu." Ni agizo la maneno machache na halimgharimu mwenye baa hata shilingi.

Na kuna wale wanaosoma haya wakiwa bado wanakunywa kila siku tangu asubuhi, na wanafikiri kukata ghafla tarehe 24 iwe zawadi kwa familia. Nia ni njema sana, lakini mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, kwa kawaida ndani ya siku tatu nne za mwanzo, na hali hiyo inaweza kuua. Watu hao waanzie hospitali: Sekou Toure, Bugando au kituo cha afya kilicho karibu, waseme ukweli kiasi wanachokunywa. Dawa za kuvuka siku hizo zipo. Ndugu akianza kutetemeka sana na kuweweseka, msimnyweshe pombe kumtuliza na msimwite mchawi, mkimbizeni.

Akinywa je? Itatokea kwa baadhi, licha ya juhudi zote. Kuteleza si kuanguka. Hatari ya kwanza ni ya mwili, kwani aliyekaa wiki nyingi bila pombe hawezi tena kiasi chake cha zamani, akikirudia kinamzidi. Hatari ya pili ni maneno ya asubuhi: "Tulijua tu." Maneno hayo humpeleka kunywa tarehe 26, 27 hadi mwaka mpya. Mpeni maji, uji, alale, na jioni aulizwe ni saa ngapi ilikuwa ngumu na alikuwa na nani, ili tarehe 31 ipangwe vizuri zaidi.

Kuhusu hiyo tarehe 31 nina ombi. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani vikundi vya walioacha pombe hufungua milango usiku wa Krismasi na wa Mwaka Mpya, watu wakipokezana, ili asiwepo wa kukaa peke yake saa zile ngumu. Sisi tuna kumbi za parokia, tuna kumbi za kata, tuna ofisi za serikali za mtaa ambazo usiku huo zimefungwa kwa kufuli. Ukumbi mmoja Nyamagana na mmoja Ilemela, birika mbili za chai ya tangawizi, karanga, bao au karata, muuguzi mmoja mwenye namba ya dereva, na watu wawili watatu walioacha zamani wakikaa mlangoni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri. Hakuna mahubiri, hakuna kuandikishwa majina. Mchango wake ni mdogo kuliko kreti tatu za bia, na wenye funguo za kumbi hizo wanafahamika kwa majina katika kila mtaa. Wafuatwe wiki hii, kabla ratiba za mikesha hazijapangwa.